Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ni nini?

Mkatoliki wa Tanzania au Kenya akikwambia "leo tuna jumuiya", hamaanishi kwaya wala kikundi cha maombi. Anamaanisha kaya za mtaa wake zinazokutana kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kusali, kusoma Injili na kujuliana hali. Kwa jina kamili ni Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Huwa na mtakatifu msimamizi, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Jumuiya kadhaa hufanya kigango, na vigango hufanya parokia.

Watu wengi huichanganya na vyama vya kitume kama WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) au Legio ya Maria, na hapo ndipo maana yake hupotea. Chama unakichagua: unaipenda karama yake, unajiandikisha, ukichoka unatoka. Jumuiya huichagui. Umepanga chumba mtaa huu, basi hawa ndio wenzako: mama muuza vitumbua, mwalimu mstaafu, kijana wa bodaboda, na yule jirani mliyegombania mpaka wa uwanja mwaka jana. Ukihamia mtaa mwingine unajitambulisha upya huko. Kwangu mimi, uzito wote wa dhana hii uko hapo. Kumsamehe mtu usiyemjua ni rahisi. Kazi ni kumsamehe anayekutazama kila asubuhi ukichota maji, na ambaye Jumamosi ni zamu yake kuwapokea nyumbani kwake.

Mfumo huu ulianza kwa uamuzi rasmi. Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Mwaka 1976, wakikutana Nairobi, walizifanya jumuiya kuwa kipaumbele cha kichungaji. Sababu zilionekana kwa macho: parokia zilikuwa kubwa, mapadre wachache, na kigango cha mbali kiliweza kukaa wiki nyingi bila Misa. Kongo walikuwa wametangulia kwenye njia hiyo tangu miaka ya 1960. Na wazo lenyewe ni la kale. Paulo anapowasalimu Priska na Akila katika Warumi 16, analisalimu pia kanisa lililomo nyumbani mwao. Walutheri wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) nao wana ibada zao za jumuiya majumbani, kwa hiyo neno hili si mali ya Wakatoliki peke yao.

Kusoma Neno kwenye jumuiya nyingi hufuata hatua saba zilizoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Mnamkaribisha Bwana kwa sala; mnasoma somo; kila mmoja anataja neno au kifungu kilichomgusa, na kinarudiwa taratibu; mnakaa kimya; mnashirikishana; mnaulizana Neno hili linatutuma kufanya nini wiki hii; mnafunga kwa sala. Ile hatua ya kushirikishana si mahubiri. Bibi asiyejua kusoma ana nafasi sawa na mwenye digrii, na aghalabu yeye ndiye anayesema jambo mtakalorudi nalo nyumbani.

Hatua ya sita ndiyo huzaa matendo. Hapo ndipo hujulikana kwamba fulani amelazwa na zamu ya kupeleka chakula ipangwe, kwamba mtoto wa fulani amerudishwa shule kwa kukosa sare, kwamba wawili wanaishi bila ndoa na wanatamani kufunga ila wanaogopa gharama. Ukifiwa, jumuiya ndiyo hufika kwanza, na masufuria na rozari.

Ila tuseme kweli. Kwa kuwa ubatizo, ndoa na hata mazishi huanzia kwa barua ya jumuiya, wapo wanaoonekana siku ya kutaka saini tu. Wanaume ni wachache. Wengi huwakilishwa na wake zao na bahasha ya mchango. Na muda ukibana, hatua inayorukwa karibu kila mara ni hiyo hiyo ya sita. Katibu anafungua daftari, na yanayofuata ni matangazo: zaka, mavuno, ujenzi wa nyumba ya padre, na nani bado hajamalizia ahadi yake.