Jua likipatwa Lubumbashi: maswali ya macho

Mtu wa Lubumbashi anaona nini jua likipatwa?

Inategemea kivuli cha mwezi kinapita wapi. Tarehe 21 Juni 2001 kilipita Zambia, Lusaka ikaingia giza mchana. Kwetu huku, jirani kabisa, jua lilifunikwa sehemu kubwa tu. Tarehe 1 Septemba 2016 mwezi ulikuwa mbali zaidi na dunia, haukuweza kulifunika lote. Kusini mwa Tanzania wakaona pete ya moto, sisi tukaona jua lililomegwa. Jua likimegwa sana mwangaza unafifia, hewa inapoa. Usikose kutazama chini ya mwembe: kila upenyo kati ya majani unachora ardhini jua dogo lenye umbo la mundu.

Mwangaza umefifia, hatari iko wapi?

Hapo hapo. Mboni inapanuka, jicho halioni sababu ya kufumba, na kipande cha jua kilichobaki kinachoma vilevile. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haisikii maumivu, kwa hiyo mtoto anaungua huku anacheka. Saa kadhaa baadaye, au kesho yake, anaona doa katikati ya kila anachokitazama, na mistari ya daftari imepinda. Hakuna dawa iliyothibitishwa ya kumponya. Wengine wanapata nafuu kwa wiki au miezi, wengine wanabaki na doa hilo maisha yote. Wazazi, naomba mlishike hili kuliko yote.

Filimu ya radio (eksirei) ya hospitali, miwani ya jua, kioo chenye masizi?

Vyote hapana. Vinapunguza mng'ao, lakini miale isiyoonekana inapita. Tumia miwani maalumu yenye alama ISO 12312-2, isiyo na mikwaruzo, au kioo cha wachomeaji vyuma namba 14. Darubini usiichungulie hata ukiwa umevaa miwani hiyo. Na kwa kuwa jua lililomegwa halizimiki, usiivue hata sekunde moja.

Sina miwani hiyo.

Lipe jua mgongo. Toboa kartoni kwa sindano, acha mwanga upite hadi kwenye karatasi nyeupe. Chujio la jikoni nalo litakuchorea majua mengi kwa mara moja, na watoto wanalipenda sana.

Mama mwenye mimba ajifungie ndani?

Hapana. Mimba haidhuriki. Alinde macho tu.

Mtoto ameshaangalia. Nifanye nini?

Mfunike jicho moja, asome. Kisha la pili. Akiona doa au ukungu, mpeleke kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, wala usimtie matone ya kununua sokoni.