Moyo wangu, usinishuhudie vibaya

Watu wakijua kwamba nasoma maandishi ya makaburi ya Misri ya kale, huniuliza kwanza kuhusu dhahabu. Mimi hunivuta zaidi habari ya moyo.

Waliohifadhi maiti waliutoa ubongo kupitia puani kwa kulabu ya shaba, wakautupa. Walipasua ubavu wa kushoto, wakatoa ini, mapafu, tumbo na utumbo, wakavikausha na kuvitia kwenye mitungi minne. Mwili ulifukiwa kwa siku zipatazo 40 ndani ya natroni, chumvi iliyo ndugu wa magadi tunayopikia maharage. Kazi yote, hadi kuviringisha sanda za kitani, ilifika siku 70. Moyo waliuacha mahali pake. (Si kila maiti iliyochunguzwa imekutwa nao, ila nia ilikuwa hiyo.)

Kwao akili, kumbukumbu na dhamiri vilikaa moyoni. Msemaji wa Kiswahili halioni hilo kuwa geni: tunasema moyoni, tunaweka jambo moyoni, na moyo hutusuta.

Basi huko kuzimu marehemu alisimama mbele ya waamuzi 42 akakana makosa moja moja. Sikuua. Sikupunguza kipimo cha nafaka. Sikuwapokonya watoto maziwa vinywani. Sikuyaziba maji yanayopita. Hilo la maji nalipenda sana, maana limetoka kwa watu walioishi kwa mifereji ya Nile.

Lakini ulimi waweza kukana lolote, kwa hiyo moyo ulipimwa. Uliwekwa kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, yaani haki na mpangilio wa dunia. Anubis, mungu wa kuhifadhi maiti, alisimamia; Thoth, mungu wa uandishi, akaandika. Pembeni alingoja dubwana Ammit, mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na nyuma ya kiboko. Moyo usipolingana na unyoya, Ammit huumeza, na marehemu hufa mara ya pili, asiwepo tena.

Hapo ndipo hofu yao inaponigusa. Juu ya kifua cha maiti waliweka jiwe, mara nyingi la kijani, lililochongwa mfano wa mbawakawa anayeviringisha mavi, na chini yake ombi hili: ewe moyo wangu nilioupata kwa mama yangu, usisimame kunishuhudia vibaya, usinipinge mbele ya mwenye mizani. Anayeombwa si mungu wala adui. Ni moyo wake mwenyewe, uliokuwa naye tangu tumboni na ulioona kila alichofanya.

Katika mafunjo (karatasi ya matete) ya Ani, mwandishi aliyeishi yapata mwaka 1250 KK, mafunjo ambayo sasa yamo British Museum, utamwona akiingia ameinama pamoja na mkewe Tutu. Mizani iko mbele yao, bado inapima. Maneno yaliyoandikwa juu ya Ani ni ombi hilohilo.