Mnyauko wa migomba, chulebuni na maneno yanayozunguka vihambani

Watu wa Machame, Kibosho, Marangu na nyie wa Meru, tuongee kidogo kuhusu hizi mbegu kinzani, yaani aina zinazohimili magonjwa ya migomba na kahawa, maana yanasemwa mengi na mengine yanatumalizia vihamba, haya mashamba yetu ya nyumbani.

"Miche ya chupa haishikwi na mnyauko." Hili linaniuma kuliko yote kwa sababu watu wanatoa hela yao wakiamini hivyo. Mche wa chupa ni msafi tu, yaani umetoka maabara bila ugonjwa, ila kama ni mchare, hii aina yetu ya ndizi za kupika, ni mchare uleule na unashikwa vizuri tu na mnyauko wa fuzari, ugonjwa wa fangasi. Huyo fangasi anakaa kwenye udongo miaka na miaka hata uking'oa migomba yote, anaingilia mizizini, anaziba njia za maji, majani ya chini yanaanza kuwa njano kisha yananing'inia, na ukikata shina unakuta michirizi ya kahawia. Dawa ya kupiga hakuna. Sasa ukirudisha mche msafi kwenye shimo lilelile ulipofia mgomba hela imeenda, na mbolea haiokoi kitu. Faida yake ni kwamba hauingizi ugonjwa kwenye udongo ambao bado mzima, tofauti na chipukizi la kuomba kwa jirani.

Na hapana, mche wa chupa sio GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni. Ni kipande cha mgomba kimekuzwa kwenye chupa basi. Hata watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, hapo Arusha wanaotafuta mchare kinzani wanachavusha maua kwa mkono, kazi ngumu kweli maana ndizi tunazokula karibu hazina mbegu kabisa.

"Ikishapatikana mbegu kinzani tumemaliza." Jamani hapa tukae vizuri. Mmea hauna chembe za kinga zinazozunguka mwilini kama sisi, kila seli inajilinda yenyewe kwa kumtambua adui, na jeni moja mara nyingi inatambua kitu kimoja tu cha huyo adui, akishabadilika hapo hatambuliwi tena. Mtafiti Harold Flor alilionyesha hili kwenye kutu, ugonjwa wa fangasi, ya mmea wa kitani kule Marekani miaka ya 1940. Angalia ndizi za kuuza nje za Amerika ya Kati, zilikuwa aina ya Gros Michel mashamba na mashamba, fangasi wa mnyauko akazimaliza, kufikia miaka ya 1960 wakawa wamehamia aina ya Cavendish kwa sababu ilimhimili. Wakapanda tena aina moja kila mahali! Sasa kuna TR4, aina nyingine ya fangasi wa mnyauko, inayoua hiyo Cavendish, na 2013 ilithibitishwa Msumbiji, majirani zetu hapo. Ngano nayo hivyohivyo, 1998 Uganda ilionekana kutu ya shina iliyoishinda jeni ya ukinzani iliyokuwa inategemewa nchi nyingi.

Wengine wanakwambia mbegu za wazee haziugui. Zinaugua. Kahawa za N39 na KP423 ndo za wazee wetu na chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni changa, inazitafuna pamoja na kutu ya majani, muulize yeyote aliyekuwa anapiga dawa za kopa (shaba) msimu hadi msimu. Lakini usizidharau aina za zamani, kwa sababu ukinzani wenyewe hauumbwi maabara, unatafutwa kwenye mimea ambayo tayari ipo mahali. Kahawa ya Ruiru 11 ya Kenya ya mwaka 1985 imechukua ukinzani wake kwa Rume Sudan, kahawa ya huko Boma Sudan Kusini, na kwa Híbrido de Timor, arabika iliyojichanganya yenyewe na robusta kisiwani Timor. Nikolai Vavilov, yule Mrusi aliyefika Ethiopia 1927 akikusanya mbegu, alianzia kwenye utafiti wa kinga ya mimea. Kwa hiyo anayeng'oa kitarasa, aina ya zamani ya mgomba, kwa sababu sokoni haina bei inaniuma kweli, hujui imebeba nini.

"Kuchanganya aina ni kilimo cha maskini." Yunnan, China, walipanda mpunga wa kunata unaougua katikati ya mpunga kinzani, matokeo yakatoka mwaka 2000, ugonjwa wa fangasi uitwao blasti kwenye ule wa kunata ulipungua asilimia 94 na mavuno yake yakazidi kwa asilimia 89 kuliko ukipandwa peke yake. Blasti inasafiri kwa hewa ndo maana mchanganyiko unaikata, mnyauko ulioko tayari kwenye udongo hautaondoka hivyo, ila ukiwa na aina tofauti kihambani haifi migomba yote kwa mpigo.

La mwisho, wale wanaookota mbegu chini ya kahawa chotara za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, wakaotesha wenyewe. Watoto wanatoka mchanganyiko, mmoja kinzani mwingine sio, na utajua ikishaanza kuzaa. Chukua miche ya vikonyo, yaani iliyooteshwa kwa vipande vya mti wenyewe na sio kwa mbegu, kitaluni.