Tondichtung: Utungo wa Sauti, Si Shairi la Kuimbwa

Kwa mara ya tatu katika miezi michache nimesikia kazi ya mtunzi wa Kijerumani Richard Strauss iitwayo Ein Heldenleben, yaani Maisha ya Shujaa, ikitambulishwa kwa Kiswahili kuwa ni "shairi la toni", na mara moja kuwa ni "simfonia ya shujaa". Mara ya mwisho mtambulishaji aliongeza kwamba wasikilizaji wangevutiwa na "ushairi wake mzito". Kijana mmoja wa bendi yetu ya tarumbeta ya kanisani, aliyekuwa ameketi nami tukisikiliza kwa simu, akangoja zaidi ya dakika arobaini waimbaji waingie. Hawakuingia, na kosa halikuwa lake.

Maana ya hicho kinachoitwa "shairi la toni" ni fupi. Huo ni muziki wa okestra peke yake, usio na mwimbaji wala msomaji, ambao kwa kawaida huchezwa moja kwa moja bila kituo, na ambao mtunzi ameujenga juu ya jambo lililo nje ya muziki: hadithi, mtu, mandhari, au wazo fulani. Heldenleben ilikamilishwa mwaka 1898 na kupigwa mara ya kwanza Frankfurt tarehe 3 Machi 1899, Strauss mwenyewe akiongoza. Inahitaji wapigaji zaidi ya mia moja, wakiwamo wanane wa pembe, yaani zile ala za shaba za kupuliza, nayo inamfuata shujaa mmoja tangu anapojitokeza, anapokutana na mahasimu wake, anapopata mwenzi, anapopigana, mpaka anapojitenga na dunia. Anayetaka maana tu anaweza kuishia hapa. Kinachonikera ni jina.

Strauss hakuandika "shairi". Aliandika Tondichtung, neno la Kijerumani lililounganishwa kutoka mawili. La kwanza, Ton, ni sauti ya muziki, na asili yake ya mbali ni neno la Kigiriki lenye maana ya kuvuta au kukaza, kama unavyoukaza uzi wa chombo mpaka utoe sauti unayoitaka. La pili, Dichtung, ndilo linalotupotosha. Linatokana na kitenzi dichten, ambacho kimetoka katika Kilatini dictare: kumtamkia mtu maneno ili ayaandike, na baadaye kutunga. (Wapo wanaosema limetokana na dicht, yaani -liosongamana, kwa hoja kwamba ushairi ni lugha iliyokazwa. Dhana hiyo inapendeza lakini si sahihi. Dichtung inayotokana na dicht ipo kweli, ila ni ile mpira ya kuzibia bomba lisivuje, na fundi wa magari wa Kijerumani anaitaja kila siku bila kumkumbuka mshairi yeyote.) Kwa hiyo Dichtung ni kilichotungwa. Mara nyingi kilichotungwa huwa ni shairi, na ndiyo maana Waingereza walipolihamisha neno hili katika lugha yao walichagua neno lao la shairi, nasi tukalipokea kutoka kwao badala ya kwenda kulitazama lilikotoka.

Na tungekwenda, tungejikuta nyumbani. Kiswahili kina kitenzi kinachofanya kazi ileile bila kusukumwa: kutunga. Mtunzi wa mashairi ni mtunzi, na mtunzi wa nyimbo ni mtunzi. Hatuna haja ya kubadili neno tunapotoka kwenye karatasi kwenda kwenye kinanda. Tena kutunga ni kupitisha uzi katika shanga, moja baada ya nyingine, mpaka ziwe kitu kimoja, picha inayomfaa Strauss kuliko hata neno lake mwenyewe, kwa sababu ndivyo anavyofanya kazi: vijisauti vifupi, kila kimoja na rangi yake, vinavyopangwa katika uzi mmoja usiokatika. Utungo wa sauti, basi. Sauti ndizo zilizotungwa, kama vile katika shairi maneno ndiyo yaliyotungwa. Toni haina haja ya kuingia, na shairi pia halina.

Baadhi ya wenzangu wanapendekeza "utenzi wa sauti", na hao nawaelewa. Utenzi, au utendi kama wasemavyo wengine, umetokana na kutenda. Ni habari ya matendo, na matendo ya mashujaa ndiyo yaliyojaa katika tenzi zetu za kale, Fumo Liongo akiwa mmoja wao. Ukimweka Liongo kando ya shujaa wa Strauss, jina linakaa vizuri mno, na hapo ndipo hatari ilipo. Utenzi una umbo lake: ubeti wa vipande vinne, mizani minane kwa kila kipande, vina vitatu vinavyofanana na cha nne kinachorudi mpaka mwisho. Una majina ya watu na maneno wanayoambiana. Utungo wa sauti hauna hata kimoja kati ya hivyo, na isitoshe si lazima uhusu matendo wala shujaa yeyote. Mtunzi Franz Liszt, ambaye mwaka 1854 alianza kuziita kazi zake za namna hii tungo za kisimfonia, moja aliijengea juu ya sauti za bahari na za wanadamu zinazosikika kutoka mlimani. Tukisema utenzi, siku tutakapofika kwenye mlima tutakwama.

Kuhusu simfonia, naomba nieleweke, kwa sababu hapa hata mimi siwezi kuwa mkali kama ninavyotaka. Watu hufikiri tofauti iko katika hadithi: yenye hadithi ni utungo wa sauti, isiyo nayo ni simfonia. Hapana. Mtunzi wa Kifaransa Berlioz aliandika mwaka 1830 simfonia yenye hadithi kamili ya mapenzi na jinamizi, na imebaki simfonia. Tofauti iko katika nani anayeshika usukani. Katika simfonia kuna nyumba iliyokwisha kuchorwa, ya vyumba vinne kwa kawaida, na mtunzi huingiza fikra zake humo. Katika utungo wa sauti fikra ndiyo inayochora nyumba. Mfano uko karibu. Simfonia ya Tatu ya Beethoven, Eroica, nayo ni ya shujaa, iko katika ufunguo wa E-bemoli (yaani muziki wake umejengwa juu ya noti hiyo), na pembe zake ni maarufu. Lakini ina sehemu nne, na ya pili ni maandamano ya maziko, kisha muziki unaendelea kwa sehemu mbili nzima baada ya maziko hayo bila mtu kuuliza marehemu amefufukaje, kwa kuwa umbo ndilo lililodai sehemu nne. Strauss alilijua hilo vizuri. Alipokuwa akiitunga Heldenleben aliandika kwa mzaha kwamba kwa vile waongozaji hawaipendi Eroica, yeye anatengeneza kazi ya kujaza pengo: haina maandamano ya maziko, lakini iko katika E-bemoli na ina pembe nyingi, maana pembe ndizo zinazoujua ushujaa. Kwake shujaa anafika mwisho pale muziki unapofika mwisho.

Ni kweli kwamba baadaye mtu huyohuyo alituchanganya, alipoziita kazi zake mbili, moja ya mwaka 1904 juu ya maisha ya nyumbani kwake na nyingine ya mwaka 1915 juu ya siku moja ya kupanda milima ya Alps, kwa jina la simfonia ilhali zimejengwa kama tungo za sauti. Mtunzi ana ruhusa hiyo. Mtambulishaji hana, hasa kwa kazi ambayo mwenyewe ameiita Tondichtung.

Naona ni vyema kuonyesha kidogo jinsi sauti inavyotungwa pasipo neno. Mahasimu wa shujaa, ambao wasikilizaji wamewatambua tangu mwanzo kuwa ni wahakiki wa muziki, wanaanza na filimbi inayodonoadonoa kwa sauti kali, kisha oboe, ndugu wa zumari, inaingia ikinung'unika. Chini yao tuba mbili, ala za shaba za sauti nzito, zinatembea pamoja zikiwa zimeachana kwa noti tano, mwendo ambao kila mwanafunzi wa hamonia katika kwaya zetu amewahi kukatiwa alama nyekundu kwa ajili yake. Hakuna aliyetamka kwamba hawa wanaojifanya walinzi wa sheria za muziki hawazijui. Kosa lenyewe limewekwa vinywani mwao. Baadaye tarumbeta tatu zinalia kutoka nyuma ya jukwaa, wapigaji hawaonekani, na unajua kuwa vita viko njiani kwa sababu vinasikika vikiwa bado mbali. Kisha, katika sehemu ya kazi za amani, Strauss anazinukuu kazi zake mwenyewe za nyuma, Don Juan na Don Quixote zikiwamo, ili tujue shujaa huyu ni nani. Majivuno hayo yamemletea lawama nyingi, na sitamtetea.

Kwa hiyo, ndugu mtambulishaji, sikudai ulifute neno lako lote. Sema "utungo wa sauti", na ukipenda ongeza "wa okestra", ili mwenye kusikia asingoje koo la mtu. Yule kijana naye nilimrudisha kwenye sehemu ya mwenzi wa shujaa, kwenye fidla ile ya peke yake, inayocheka, inayobembeleza, inayokasirika ghafla kisha ikatulia, kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya fidla moja katikati ya okestra kubwa namna hiyo. Huyo ni Pauline, mke wa Strauss. Katika maisha alikuwa mwimbaji wa sauti ya soprano, humu haimbi.