Alama za vinasaba katika miti ya matunda ya asili

Alama ya vinasaba ni kipande cha DNA ambacho mahali pake panajulikana, kinachotofautiana kati ya mti na mti, na kinachosomeka maabara bila utata. Si lazima kiwe jeni, wala kihusike na utamu au ukubwa wa tunda. Hutumika kujua miti ipi ina undugu, mbegu na chavua vimesafiri hadi wapi, na kama miti iliyobaki bado ina utofauti wa kutosha kukusanyia mbegu za kuhifadhi.

Kwa mti wa asili ambao haujachunguzwa sana, aina inayotumika mno ni mikrosatelaiti, yaani besi (herufi za DNA) 1 hadi 6 zinazojirudia mfululizo, mfano GA mara 12. DNA inaponakiliwa, hapo ndipo kimeng'enya huteleza kwa urahisi, marudio yakaongezeka au kupungua. Ndiyo maana mti huu una marudio 12 na jirani yake 15. Kila urefu ni aleli. Mti wenye seti mbili za kromosomu hubeba aleli mbili, moja ya mama na moja ya chavua, na kipimo huzionyesha zote.

Majani machanga hukaushwa haraka kwa jeli ya silika yenye uzito usiopungua mara 10 ya uzito wake, kwa sababu yakikauka polepole DNA hukatikakatika. Miti ya kuchukulia sampuli iachane mita 50 hadi 100. Ikikaribiana mno utakusanya ndugu wa mama mmoja, au machipukizi ya mzizi mmoja, ukidhani ni miti tofauti. Majani mengi ya miti hii yana polifenoli (kemikali za mmea zinazochafua DNA) na ute, kwa hiyo kwenye CTAB ya asilimia 2, yaani sabuni ya kutolea DNA, huongezwa PVP ya kunasa polifenoli na chumvi nyingi ya kutenga ute. Usiridhike na uwiano wa 260/280 wa 1.8 peke yake, yaani kipimo cha usafi kinacholinganisha mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280. Ute hujifichua kwenye 260/230, na namba hiyo ikiwa chini sana PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi maabara, hugoma. Kuizimua sampuli mara 10 mara nyingi huiokoa.

DNA husomwa kijuujuu, bila kurudia kila sehemu mara nyingi, kisha programu husaka marudio: angalau 6 kwa besi mbilimbili, 5 kwa tatutatu. Mfuatano uliotoka kwenye kloroplasti huondolewa, kwani kwa kawaida hurithiwa upande mmoja tu. Praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoshika pande mbili za marudio ili PCR ianzie hapo, huwa na besi 18 hadi 22 na hulenga kipande cha besi 100 hadi 300. Jaribu jozi 40 hivi kwenye miti 8 iliyotoka maeneo yanayotofautiana, na usishangae zikibaki 10 au 15. Nyingine hazitoi kitu, nyingine hutoa urefu uleule kwa miti yote. Ukiweza kuchagua, chukua marudio ya besi tatu, maana kwenye grafu ya mashine, ambako kila aleli huonekana kama kilele, ya besi mbili huacha vivuli vya vilele pembeni na kusomwa vibaya.

Hatari kubwa zaidi ni aleli bubu. Mabadiliko ya besi moja pale praima inaposhika yanatosha kuifanya aleli isinakiliwe. Mti wenye aleli mbili tofauti huonekana una moja tu iliyojirudia. Tuseme aleli tatu zina masafa ya 0.5, 0.3 na 0.2. Heterozigosi inayotarajiwa, yaani sehemu ya miti yenye aleli mbili tofauti, ni 1 − (0.25 + 0.09 + 0.04) = 0.62. Ukihesabu miti na kupata 0.35, ni rahisi kuandika kwamba miti inazaliana ndugu kwa ndugu. Kabla ya hapo, linganisha alama zote: kuzaliana kwa ndugu hushusha heterozigosi karibu kila mahali, aleli bubu huishusha kwenye alama yake tu. Kisha pima mti mama na miche ya mbegu zake. Mama akisomeka 152/152 (urefu wa aleli zake mbili kwa besi) na mche 160/160, hawashirikiani aleli yoyote, jambo lisilowezekana kama mbegu ni yake. Maelezo yanayokaa vizuri ni kwamba mama ni 152 na bubu, mche ni 160 na bubu ileile. Alama hiyo ibuniwe praima upya au itupwe. Alama 10 zilizopita kipimo hiki zina thamani kuliko 30 ambazo hazijapimwa.

Pia hakiki idadi ya seti za kromosomu kabla ya kukokotoa chochote. Mbuyu wa bara la Afrika, Adansonia digitata, una seti nne, hivyo mti mmoja unaweza kutoa vilele hadi vinne. Vikionekana viwili, huwezi kujua kwa macho kama ni moja kwa tatu au mbili kwa mbili, na fomula za miti ya seti mbili hapo hutoa majibu ya uongo. Kwa mti wa namna hiyo rekodi aleli ipo au haipo, au tumia programu iliyoundwa kwa seti nyingi, kama polysat.