Punda Aliyenona Si Lazima Awe Mzima

Picha zinaingia kwenye WhatsApp karibu kila wiki. Punda ameogeshwa, singa zimechanwa, amesimamishwa ubavu mbele ya ukuta wa chokaa, na chini yake maneno ambayo sasa nayajua kwa moyo: "Mashaallah daktari, mwangalie alivyonona. Sisi hatutesi punda." Mimi huwa sisomi maneno. Naangalia shingo. Nikiona imejaa mpaka imelalia upande mmoja, naweka simu chini kwanza, nanywa maji, ndipo najibu.

Nimechoka kulijibu hili mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika mara moja. Kunona si afya. Punda anaweza kunona akang'aa, na huku anaelekea kwenye kilema.

Imani hii tumechangia sisi wenyewe watu wa mifugo. Tangu kliniki ya punda ilipofunguliwa hapa Lamu mwaka 1987, na kwa sisi tuliokuja kazini baadaye, wimbo umekuwa mmoja: punda aliyekonda anateswa, angalieni vidonda vya shogi, ile mifuko ya mizigo mgongoni, mpeni dawa ya minyoo, mlisheni. Watu wamesikia. Tulichosahau ni kuwaambia pa kuishia.

Wanaonitia wasiwasi si wachukuzi. Punda wa mtaa wa Langoni anayepandisha mchanga na simiti kutoka gatini ana shida zake, nitaziandika siku nyingine, lakini mafuta si mojawapo. Nawasema wenye punda wapya. Mtu anajenga nyumba kijijini Shela, ananunua punda wawili wa kubebea mawe na maji, nyumba inakwisha, punda wanabaki uani. Kazi imekwisha, pumba haijakwisha. Au mtoto ameona mashindano ya punda ya Maulidi, akalia mpaka babake akamnunulia wake, na sasa mapenzi yote yanapitia kwenye mkate. Na Ramadhani usiniulize. Kaimati, tambi, viazi karai vilivyobaki kwenye futari, vyote vinamwagwa kwenye karai la punda, na aliyemwaga anahesabu thawabu.

Mnyama huyu asili yake ni nchi kavu. Jamaa zake wa mwituni waliobaki wako Eritrea na Ethiopia, wanatembea kutwa wakitafuna vijiti na nyasi ngumu. Punda wa kilo 120 asiye na kazi anatosheka na chakula kikavu cha kilo 1 na nusu hadi 2 na kidogo kwa siku, na kikavu hapa maana yake ni nyasi na mabua, si mahindi. Ukimjaza wanga, unafika utumbo mpana haujasagwa, unachacha, vijidudu vizuri vinakufa, sumu inaingia kwenye damu. Hata bila karamu ya siku moja, mafuta yakikaa miaka yanavuruga insulini, na insulini ikikaa juu kwa muda mrefu matokeo ni yale yale. Maumivu hayatokei tumboni unakotazamia. Yanatokea kwenye kwato. Ile nyama laini inayoushika mfupa ndani ya kwato inavimba, na kwato haipanuki. Sisi tunauita laminaitisi. Ukiachwa, mfupa unajitenga na ukuta wa kwato na kuinamia chini.

Sasa sikiliza wenyewe wanavyonieleza dalili. "Siku hizi amekuwa mvivu, daktari, ni shibe hiyo." Analala zaidi ya zamani: shibe. Akisimama anahamisha uzito mguu huu, mguu ule: anacheza. Kwenye mchanga wa Shela anakwenda vizuri, akifika kwenye sakafu ya saruji anasita: mjeuri, punda wote ni wajeuri. Jamani. Punda hana tabia ya kupiga kelele akiumia. Farasi akiumwa mtaa mzima unajua. Punda anainamisha kichwa kidogo na kuendelea kutafuna. Kwa hiyo hoja ya pili ninayoletewa, kwamba "lakini anakula", nayo haina uzito. Punda anakula akiwa na maumivu ambayo wewe yangekulaza kitandani.

Turudi shingoni, maana hapo ndipo ubishi ulipo. Watu wanapenda shingo nene. Wanaipapasa na kuonyesha wageni. Sehemu ya juu ya shingo ya punda mzima unaweza kuishika kwa mkono mmoja chini ya singa ukaipinda huku na huku. Ikiwa ngumu kama imejazwa, ni mafuta. Ikiwa imeshalala upande, ni mafuta ya muda mrefu, na nasikitika kusema haitasimama tena, hata ukimpunguza vipi. Hapa ndipo napata ugomvi wa aina nyingine: mwenye punda amenisikia, amejitahidi miezi kadhaa, kisha anakuja kunilaumu kwamba shingo iko vile vile. Bwana, shingo inakusimulia historia ya punda wako. Ukitaka habari za mwezi huu, nenda kwenye mbavu. Laza vidole bapa ubavuni, bonyeza kidogo tu. Ukizigusa moja moja bila kuziona, uko pazuri. Ukizitafuta kama umepoteza funguo, hapo tuongee.

Na usidanganywe na tumbo. Tumbo kubwa kwenye punda mwenye mbavu za nje ni mambo mengine kabisa: minyoo, majani mabovu, mimba. Sitayaingia.

Tatizo gumu kuliko yote si ugonjwa, ni namna ya kuutaja. Kwetu huwezi kuingia uani kwa mtu ukasema "punda wako kanona mno". Ama atasikia sifa akushukuru, ama atasikia kijicho, na siku punda akiugua utakuwa umemtia jicho wewe. Kwa mtu mzima ni zaidi. Kuna mwalimu mmoja mstaafu, nyumba yake imekwisha, punda wake wawili wamekuwa mapipa. Nilianza na shikamoo, nikasema mashaallah, nikauliza habari za watoto, kisha nikamwomba atie mkono wake mwenyewe kwenye ubavu. "Mbavu ziko wapi, mwalimu?" Akatafuta. Punda wa mchukuzi alikuwa akipita kichochoroni, nikamwomba mwenye punda asimame, mwalimu akapapasa na yule. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe mwanangu, huyu wangu amevaa godoro." Sikuhitaji kuongeza neno. Siku hizi sianzi na maelezo. Naanza na mkono wa mwenyewe.

Lakini angalieni kinachofuata, maana hapa ndipo punda wanapokufa. Mtu akishakubali, anataka kutubu siku hiyo hiyo. "Sawa daktari, kuanzia leo hapati kitu." Hapana! Punda aliyenona akikosa chakula, hata siku moja au mbili, mwili unayafungua mafuta yote kwa pamoja, ini linazidiwa, damu inajaa mafuta. Nikivuta damu ya punda wa namna hii nikaiacha kwenye kichupa itulie, maji ya juu ambayo yangekuwa na rangi ya manjano iliyofifia na kuonekana upande wa pili yanakuwa meupe kama tui la nazi. Nikiliona tui hilo napiga simu za kuomba ushauri, na mara nyingi ushauri unakuwa umechelewa. Si njaa tu inayoleta hali hii. Safari ya mashua, kidonda kibaya, mimba, hata kuondokewa na punda mwenzake aliyekaa naye miaka, chochote kinachomfanya asusie chakula. Punda mnene aliyeacha kula ni dharura. Usingoje kesho, wala usimpe kwanza dawa ya minyoo uone.

Kinachoondolewa leo ni mkate, mahindi, pumba, mabaki ya futari. Nyasi kavu na mabua zinabaki, kidogo kidogo mara nyingi, na maji. Ikiwa kwato ni nzima, mtembezeni. Ikiwa si nzima, msimtembeze mpaka nimemwona. Mafuta yaliyoingia kwa miaka yatoke kwa miezi.

Vitabu vinaandika haya kwa uhakika ambao mimi sina. Vinasema pima hali ya mwili, 1 hadi 5. Mkono wangu na wa mwenzangu hutofautiana nusu alama kwa punda yule yule, na sote tunaapa. Vinasema papasa mshipa juu ya kwato usikie unavyodunda. Kwa punda mdogo anayepigana na nzi, huku watoto wa mtaa wamemzunguka, kuna asubuhi naupata na kuna asubuhi nakisia. Mizani ya punda sina; nazungusha utepe kifuani na kupiga hesabu, kwa hiyo nikikwambia "punguza theluthi" ujue theluthi hiyo ina makisio ndani yake. Na vingi vya vitabu vyenyewe viliandikwa kwa farasi. Joto la punda mzima mkubwa liko kati ya 36.2 na 37.8; ukisoma cha farasi utaona 38.4 ukatulia, kumbe punda wako ana homa, au alikuwa amesimama juani na hana kitu. Baadhi ya dawa za maumivu pia mwili wa punda huzimaliza upesi kuliko wa farasi, basi dozi ya rafiki yako wa Nairobi mwenye farasi msiniletee.

Mkija, njooni asubuhi kabla jua halijakali, na msimlishe njiani ili "daktari asimwone ana njaa". Picha hazihitajiki. Mleteni na yule mtoto anayempa mkate, maana nyinyi wazazi mtaniambia anakula nyasi tu, na mtoto atanitajia kila kitu mpaka idadi ya mahamri.