Maana ya utransendentali na nafasi ya maumbile ndani yake

Utransendentali ni jina la mkondo wa fikra uliozuka katika miaka ya 1830 miongoni mwa waandishi, wahubiri na walimu wa jimbo la Massachusetts, Marekani, hasa katika jiji la Boston na mji mdogo wa Concord. Asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupanda na kuvuka, nalo liliwafikia kutoka katika falsafa ya Mjerumani Immanuel Kant, ingawa wao hawakulibana kwa ukali wake. Kiini cha mkondo huo ni imani kwamba binadamu anaweza kuujua ukweli mkuu kwa nuru iliyomo rohoni mwake, bila kungoja aletewe na milango mitano ya fahamu wala akabidhiwe na kanisa.

Ralph Waldo Emerson, aliyejiuzulu uchungaji wa kanisa moja la Boston mwaka 1832, aliieleza imani hiyo katika kitabu chembamba kuhusu maumbile alichokitoa mwaka 1836 bila kukitia jina lake. Alisikitika kwamba watu wa zamani walimwona Mungu na maumbile ana kwa ana, ilhali kizazi chake kiliona kwa macho ya hao waliotangulia. Kwake, maumbile ni kila kisichokuwa nafsi, hata mwili wa mtu mwenyewe ukiwemo. Neno letu la Kiswahili linamfaa mno katika hili, kwa kuwa tunaposema maumbile tunaweza kukusudia msitu na mto, au umbo la mwili tuliozaliwa nao. Emerson aliamini kwamba vyote hivyo ni alama za mambo ya rohoni, na kwamba mtu akitembea peke yake mwituni huweza kuhisi roho ile ile moja ikipita ndani yake na ndani ya miti.

Margaret Fuller, mhariri wa kwanza wa jarida la watu wa mkondo huo lililoanza mwaka 1840, alisafiri hadi eneo la Maziwa Makuu ya Marekani mwaka 1843, na katika kitabu chake kuhusu safari hiyo uzuri wa nyika unakwenda sambamba na masaibu ya wenyeji wa asili walionyang'anywa ardhi. Nauona mchango huo kuwa mzito kuliko unavyotajwa kwa kawaida.

Aliyeijaribu imani hiyo ya Emerson kwa mwili wake ni mwandishi Henry David Thoreau. Kuanzia tarehe 4 Julai 1845 hadi tarehe 6 Septemba 1847 aliishi katika nyumba ya chumba kimoja aliyoijenga mwenyewe kando ya ziwa dogo la Walden, kwenye ardhi ya Emerson, akilima maharage na kuandika kila siku alichokiona. Mwaka 1846 aliukwea mlima Katahdin katika jimbo la Maine, akakutana na maumbile makavu yasiyomjali binadamu, jambo ambalo maandishi ya Emerson hayakuwa yamemwandaa kulipokea.

Watu wa Concord walikuwa wakisema kwamba Walden halina mwisho chini. Mapema mwaka huo huo wa 1846, maji yakiwa bado yameganda, Thoreau alilipima ziwa zima kwa mshipi wa kuvulia na jiwe la takriban ratili moja na nusu. Aliweza kutambua kwa usahihi wakati jiwe lilipong'oka chini, kwa sababu ilimbidi kuvuta kwa nguvu zaidi kabla maji hayajaingia chini yake yakalisaidia kupanda. Kina kirefu kabisa alichokipata kilikuwa futi 102. Kisha, akiwa na kipimo hicho mkononi, aliandika kwamba anashukuru ziwa hilo liliumbwa lenye kina na safi ili liwe alama, na kwamba maadamu watu wanaamini kisicho na mwisho, yatakuwapo maziwa yatakayodhaniwa kuwa hayana chini.